Samli kwenye Injini ya Bruda

Kwa ndege yake ya kuchezea, Bruda alichagua injini ya mipigo minne kwa ajili ya majirani. Injini ndogo za ndege za kuchezea, zile za mipigo miwili, hulia kwa sauti kali kama msumeno wa umeme, na katikati ya miaka ya themanini watu wetu wa Karagwe walikuwa hawajasahau ndege za vita vya Uganda. Mlio mkali ukisikika angani, akina mama waliacha majembe shambani wakaingia migombani. Injini ya mipigo minne haina kelele hizo. Inanguruma chinichini, kama mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya kilima, na mwanzoni wengi walidhani hivyo hasa, kwamba misheni imeleta mashine ya kusaga. Wanawake wawili walifika na mahindi yao kichwani.

Ndege yenyewe haikuongozwa kwa redio. Mtambo wa kurusha mawimbi ulihitaji kibali, na Bruda hakutaka kuanza kujieleza kwenye ofisi za serikali. Aliifunga ndege kwa waya mbili nyembamba, akasimama katikati ya uwanja wa mpira ameshika mpini, nayo ikamzunguka, ikipanda na kushuka kadiri alivyokunja kiganja. Mabawa yake yalikuwa mapana kama mikono ya mtu mzima aliyeinyoosha yote miwili. Mbao zilikuwa nyepesi kiasi kwamba ukiishika ulihisi umeshika injini peke yake.

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa upande wa Omurushaka wa kuelekea Kyerwa, ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe. Bruda, mtawa wa Kizungu aliyekaribia miaka sitini, aliongoza karakana. Mimi nilikuwa mwalimu wake msaidizi, nimetoka Muleba, nina miaka ishirini na sita na sina mke. Nilikuwa mtu wa daftari. Kila chombo cha karakana kilikuwa na ukurasa wake, na Bruda alipoona hivyo akanikabidhi ile injini.

Ilikuwa na silinda moja na ilijaa kiganja cha mkono. Ndani yake mlikuwa na kila kilichomo kwenye injini ya pikipiki, ila kila kitu kilikuwa kidogo: vali mbili, vijiti vya kuzisukuma, pistoni, kranki, ule mhimili unaozunguka juu ya beringi mbili, ya mbele na ya nyuma. Haikunywa petroli. Ilikunywa methanoli, aina ya spiriti, iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, kwa hiyo ikiwaka karakana nzima ilinuka kama zahanati. Plagi yake tuliipasha moto kwa betri kubwa za redio hadi waya wake mdogo ukawa mwekundu, kisha tukaipiga propela kwa kijiti kilichovikwa kipande cha mpira wa baiskeli. Bruda alimkataza kila mtu kutumia kidole, na alikuwa na kovu la kutuonyesha.

Nafasi ya vali tuliipima kwa wembe. Wembe mpya wa kunyolea ukipita kwa kujisugua kidogo, nafasi ni sawa. Ukipita kwa ulegevu, kaza. Ukikataa, legeza. Sindano ya mafuta ilitaka sikio. Unaanza na mafuta mengi, injini inakohoa na kutema moshi mweupe. Unafunga taratibu, mlio unapanda na kusafika, na pale unapoanza kufurahi unarudi nyuma kidogo, kwa maana ukiendelea kufunga injini itagonga ndani kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa la mwisho. Methanoli huvuta unyevu, na ikiungua huacha maji. Katika injini ya aina hii maji hayo hushuka tumboni kwa kranki na kulala kwenye beringi. Kwa hiyo baada ya kila kuwasha ulipaswa kubana mpira wa mafuta, uiache injini ijimalizie yote iliyokunywa, kisha udondoshe mafuta safi kwenye kabureta na kwenye kijibomba cha kupumulia kilicho chini ya tumbo lake, na kuizungusha kwa mkono hadi mafuta yafike kote. Bruda alinifundisha hilo mara tatu. Nami nikalichorea safu yake kwenye daftari: tarehe, muda wa kuwaka, nafasi ya vali, na ya mwisho, "mafuta baada ya kuzima", ambapo nilitia alama ya tiki.

Mlinzi wa chuo alikuwa mzee aliyevuka kutoka Rwanda akiwa kijana. Aliishi na mkewe katika nyumba ndogo nyuma ya karakana, na misheni ilimruhusu kulisha ng'ombe wake wawili kwenye majani ya pembeni mwa uwanja. Kiswahili chake alikipata ukubwani kama wengi wetu, akakitumia anavyotaka. Ndege ilipozunguka kwenye waya alisimama na fimbo yake mabegani, mikono ameining'iniza juu yake.

"Mwalimu, ng'ombe wenu amefungwa kamba," alisema siku ya kwanza. "Anazunguka kigingi. Atakula nini hapo?"

"Anakula spiriti, mzee."

"Ndiyo maana anaimba."

Mwaka ule Bruda alikwenda kwao likizo ya miezi minne. Aliniachia ufunguo na agizo: injini iwashwe Jumamosi moja kila wiki mbili, dakika kumi, ili isilale. Niliwasha. Daftari lilijaa vizuri, mstari kwa mstari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya chuo kufungwa nilikuwa na wageni. Nilikuwa nimepeleka posa kwa familia moja ya Nyakatuntu, na kaka wawili wa binti walitumwa kuja kuniona ninavyoishi. Huo ndio utaratibu. Hawaji kukuhoji, wanakuja kunywa chai na kutazama. Asubuhi ile, nikijua siku itakuwa na pilikapilika, niliandika mstari wa daftari mapema. Niliandika tarehe, dakika kumi, vali sawa, nikatia na tiki ya mafuta, ili jioni nisiwe na kazi hiyo.

Baada ya chakula nikawapeleka karakana. Niliifunga injini kwenye benchi, nikapasha plagi, nikapiga propela. Iliwaka kwa pigo la pili. Karatasi zilipeperuka mezani, nami nilisimama pembeni nimeweka mikono nyuma kama Bruda.

Kaka mkubwa aliiangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya juu, "Shemeji, hii inabeba watu wangapi?"

"Haibebi mtu."

"Mizigo?"

"Wala mizigo."

"Sasa inakula mafuta kwa kazi gani?"

Mdogo wake akamjibu kabla yangu. "Anatuonyesha hii ili tusiulize ana ng'ombe wangapi."

Tulicheka wote watatu, mimi nikijilazimisha. Wakati huohuo mvua ikapiga bati. Nguo zangu zilikuwa zimeanikwa nje, na viatu vya wageni vilikuwa barazani. Niliibana injini mpira wa mafuta hadi ikazima, nikaiweka rafuni na kukimbia. Sikudondosha mafuta. Sikuizungusha. Kesho yake alfajiri nilipanda basi Omurushaka kwenda Muleba, na ufunguo wa karakana nikamwachia mzee.

"Shikamoo mzee. Ile injini ya Bruda iko rafuni," nilimwambia. "Itunze kama mali yako."

"Marahaba. Kama mali yangu, mwalimu?"

"Kama mali yako kabisa."

Mwezi mmoja baadaye nilirudi, siku mbili kabla ya Bruda. Harufu ilinipokea mlangoni: maziwa yaliyochacha. Injini ilikuwa rafuni palepale, imevaa samli kuanzia propela hadi skrubu ya mwisho. Ilikuwa samli mbichi, ile ya kusukwa kwenye kibuyu. Ilijazwa kwenye mdomo wa kabureta na kusukumwa ndani ya bomba la moshi kwa kidole, na alama ya kidole bado ilionekana. Palipokuwa na shaba, samli ilikuwa imegeuka kijani.

Mzee alisimama nyuma yangu. Aliniambia kwamba aliona kivumbi kimeanza kuikalia akaona haya, Bruda angerudi akaikuta kama kitu kisicho na mwenyewe. Samli ya wiki nzima aliimaliza humo. Mkewe aligomba.

Bruda alipofika hakugomba. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, akavua koti, na tukaifungua pamoja, yeye akitaja kila kipande na mimi nikikipanga. Mkuu wa chuo alikuja kutazama. Alikuwa mtu wa Bukoba, nadhifu, asiyependa kitu kiharibike bila mtu kuandikiwa barua. Vali zote mbili zilikuwa zimeganda kwenye samli. Pistoni ilitoka kwa shida. Beringi ya mbele ilizunguka vizuri. Ile ya nyuma, ndani kabisa ya tumbo la injini, ilikuwa nyekundu kama udongo wa barabarani, na haikuzunguka hata kidogo.

Mzee aliitwa.

"Nani alikuambia upake uchafu huu?" mkuu alimwuliza.

"Mwalimu aliniambia niitunze kama mali yangu, mkuu. Mali yangu mimi naitunza hivi. Mkuki wa baba yangu ninao mpaka leo. Hauna kutu."

"Hii si mkuki!"

"Ni chuma, mkuu."

"Ni mashine! Samli ina chumvi, chumvi inakula chuma."

Hapo mzee aliinua uso. "Samli yangu haina chumvi. Nani anatia chumvi kwenye samli? Muulize yeyote mwenye ng'ombe."

Mkuu alichukua daftari langu na kulisoma kwa sauti. Tarehe ile, dakika kumi, vali sawa, mafuta baada ya kuzima, tiki. Alilifunga taratibu. "Mwalimu alifanya kazi yake," alisema, "na maandishi yapo. Jumatatu nitaandika barua. Mwisho wa mwezi mzee aondoke, yeye na ng'ombe wake."

Bruda alikuwa ameishika ile beringi nyekundu karibu na dirisha. Nadhani hakusikia. Mimi nilisikia kila neno na sikusema kitu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nataka kueleza siku zilizofuata kwa uaminifu, kwa sababu mtu akisimulia jambo kama hili hupenda kujifanya alikuwa anatafuta ukweli. Mimi nilikuwa natafuta samli iwe na hatia. Nilichukua misumari sita, nikaisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Miwili niliipaka samli niliyoomba kwa mke wa mzee. Hakuniuliza ya nini, alinipa kwenye jani la mgomba. Miwili niliiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na yale maji meusi tuliyoyakuta tumboni kwa injini. Miwili niliiacha hivihivi. Nikaiweka yote chini ya kitanda changu na kuandika siku na saa, kama kawaida yangu.

Alhamisi hakukuwa na kitu. Ijumaa misumari iliyokuwa kwenye maji meusi ilianza madoa. Jumamosi nilimwona mzee akizunguka kwa wenye mashamba wa jirani, akiuliza nani ana nafasi ya watu wawili na ng'ombe wawili. Kwa umri wake wangempa nafasi ya kibarua wa kupalilia, na ng'ombe wasingechukuliwa. Alinipita njiani akanisalimia vizuri, na mimi nikamwamkia, na kila mmoja akaendelea na njia yake.

Jumapili baada ya misa nilivuta misumari kutoka chini ya kitanda. Misumari ya maji meusi ilikuwa imeshika kutu pande zote. Ile mitupu ilikuwa imefifia. Misumari ya samli niliifuta kwa kidole gumba, nayo iling'aa kama nilivyoiacha Jumatano.

Samli iligandisha vali, ndiyo, na kuzisafisha kulikuwa kazi ya siku moja na spiriti kidogo. Beringi ilikuwa kazi yangu mimi, na pale samli isipofika ndipo kutu ilipokaa.

Nilimpeleka Bruda misumari yote sita. Alikuwa karakana, Jumapili hivyohivyo, akisugua vali kwa kitambaa. Nilimweleza habari ya wageni, mvua, na tiki niliyoiandika asubuhi. Alisikiliza akiendelea kusugua. Kisha akavuta daftari na kuhesabu mistari kwa ncha ya bisibisi.

"Tiki saba," alisema. "Za kweli ngapi?"

"Sita, Bruda. Nadhani sita."

"Unadhani."

Nilijitahidi kuikumbuka kila Jumamosi na sikuweza kuapa kwa hata moja, maana nilikuwa nimeanza kuamini daftari badala ya mikono yangu. Yeye aliitazama misumari tena, akaisogeza pembeni.

"Beringi tutaitafuta. Hii ni saizi ya dainamo, pengine Omurushaka ipo," alisema. "Lakini barua si yangu. Mwone mkuu kabla hajaitia sahihi."

Beringi kweli tuliipata Omurushaka, kwa fundi wa pikipiki, na baada ya wiki mbili injini ilinguruma tena. Kwa muda mrefu Bruda hakunipa nafasi ya kuigusa nikiwa peke yangu. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mkuu mezani kwake, barua ya mzee imeshapigwa chapa, kalamu imefunguliwa. Nilisimama nikasema yote bila kukaa. Alifunika kalamu yake.

"Kwa hiyo daftari linasema uongo."

"Mstari ule, mkuu, ndiyo."

"Mwandishi wake je?"

"Na yeye."

Aliichana ile barua mara mbili, akaiweka kwenye kapu. Akavuta karatasi safi na kuniambia kwamba onyo langu litakuwa kwenye faili kabla ya saa sita, na kwamba kwanza niende nikamwambie mzee kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya walimu, wakati wa chai.

Nilimwambia. Walimu waliacha kukoroga vikombe. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake mabegani, akanisikiliza hadi mwisho bila kubadilisha uso.

"Kumbe ng'ombe alikufa kwa kiu," alisema. "Na wewe ukaandika amekunywa."

"Ndiyo, mzee. Unisamehe."

"Barua haipo?"

"Haipo. Imechanwa."

Aliteremsha fimbo. Nilidhani atafurahi, au atanitukana, na vyote viwili ningevipokea. Alitazama upande wa nyumbani kwake.

"Mke wangu ameshafunga vitu tangu juzi. Alhamisi nilimwambia tunahama, akalia, akafunga. Mimi siwezi kwenda sasa kumwambia hatuhami. Ataniona mtu wa namna gani? Nenda wewe."

Nilikwenda. Mama alikuwa uani, amekaa juu ya mzigo wa mikeka. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimepangwa ukutani, kila kimoja kimefungwa kwa kamba za mgomba, mafundo madogo na ya nguvu, ya mtu aliyetarajia safari ya mguu. Nilimwamkia, nikamweleza. Ilinibidi nieleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimekuja kuomba samli nyingine.

Alipoelewa aliinuka kwenye mikeka. Alinyoosha mkono kuonyesha vibuyu.

"Mafundo hayo niliyafunga peke yangu," alisema. "Yafungue wewe."

Nilipiga magoti nikaanza. Kamba za mgomba zikikauka hukaza kuliko waya, na kisu alinikatalia, zisije zikakatika bure. Nilitumia kucha, kisha meno. Kila kibuyu kilipofunguka alikipokea, akakinusa ndani, akaingia nacho nyumbani kukirudisha mahali pake, akarudi kusimama juu yangu kungoja kingine. Kengele ya kipindi changu ililia chuoni. Niliinua kichwa.

"Bado vinne," alisema.